Kesi ya Kuku Kule Kantini

...kasimama, Nuria! Nakwambia kasimama! Mtu mzima na tai yake shingoni, kasimama katikati ya kantini anajitetea kesi ya kuku, kwa Kiingereza, na watu wanampigia meza! Ngoja. Ngoja kwanza nikae. Mbavu sina. Hapa nilipo niko kwenye ngazi za uani kwa shangazi, viatu sijavua, na nimekupigia wewe kabla hata mama yangu sijampigia, kwa hiyo nisikilize na usinikatize.

Usicheke. Hujui hata unachochekea. Acha nianze mwanzo.

Si unajua tulivyomaliza chuo, wewe ukapata ile shule ya kujitolea na mimi nikaja huku Kibaha, Mkuza, kwa shangazi Saida? Sasa shangazi ana genge lake la chakula kule Zegereni, karibu na geti la kiwanda kimoja cha ndoo na madumu. Siku moja anampakulia wali HR wa kile kiwanda, Mista Gregori, akamsikia analalamika. Kwamba mameneja wao ni wageni, Kiswahili chao kinaishia kwenye "haraka haraka". Mashine ikisimama wanauliza kwa Kiingereza imekuwaje, na wafanyakazi wote jibu lao moja: "Machine bad." Meneja akiuliza tena kwa upole anaambiwa, "Machine very bad." Basi, mazungumzo yamekwisha.

Shangazi, unavyoujua mdomo wake, akamwambia, "Baba, mimi nyumbani kwangu nina mwalimu wa Kiingereza kakaa tu, ananimalizia sukari."

Ndivyo nilivyopata kazi. Aa, nadanganya, ndivyo nilivyopata majaribio. Huyo Gregori ni Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mkimya, ana faili jeusi halitoki kwapani. Akitokea tu mlangoni na lile faili, kila mtu anainamia ndoo yake. Akaniambia bila kutabasamu, "Mwalimu, nakupa mwezi mmoja. Jumatano na Jumamosi, shifti ya asubuhi ikitoka, kantini ni yako. Wafundishe waweze kuelezea jambo lililokwisha kutokea. Mwisho wa mwezi nitakuja kukaa nyuma nisikilize. Nikisikia watu wanaelezea, nakupa mkataba. Nikisikia machine bad, tunaagana vizuri."

Sasa nikishaagana naye vizuri naenda wapi, Nuria? Narudi Mzenga. Baba keshaniambia kwenye simu, "Mwanangu usihangaike, mihogo ya kule bondeni inakusubiri." Siidharau mihogo, mihogo ndiyo iliyonisomesha mimi. Lakini wewe unanijua. Mimi nataka kusimama mbele ya watu na ubao nyuma yangu mpaka nizeeke. Basi ule mwezi mmoja ulikuwa umebeba kila kitu.

Nikaanza kwa mbwembwe zote. Nikachora mstari ubaoni, hapa ni sasa, huku nyuma ni jana. Kitendo kilichofanyika kikaisha, nikaweka nukta: I washed. Kilichokuwa kinaendelea, nikachora mawimbi: I was washing. Katikati ya mawimbi kikatokea kitu kikayakata: when the water stopped. Na kile kilichotangulia kabla ya kingine kutokea, nikakirudisha nyuma zaidi: I had washed. Jamani, walipenda! Wananakili, wanapiga mistari kwa rula. Wakawa wanaimba go, went, gone mpaka wapishi kule jikoni nao wanaitikia gone. Nikajisemea, Mwanamvua, mkataba huo.

Halafu nikafanya kosa la kuuliza swali.

"Bilali, what did you do yesterday?" Bilali ni kijana wa kwetu kabisa Mzenga, yuko mashine ya vifuniko.

"Yesterday I worked."

"Jenifa?" Jenifa ni dada wa Kisukuma, anakagua ndoo kama zina nyufa.

"Yesterday I worked."

"Ipyana, what were you doing at ten o'clock?" Ipyana anaendesha ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Mnyakyusa, msomaji, kamusi iko mfukoni mwa ovaroli.

"At ten o'clock I was working, madam."

Nikamgeukia Biasha. Sasa Biasha ni mama wa makamo, yuko kufungasha, naye Mzaramo mwenzetu wa Kisarawe. Kwa Kiswahili ana mdomo wa kuwasha kuni mbichi. Kiingereza kikianza anakuwa jiwe. Akaniangalia, akaangalia meza, akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Working."

Nikasema haya, tuache kazi. Jumapili mlifanya nini?

"Sunday I worked."

Nuria, Jumapili kiwanda kinafungwa!

Nikabadilisha njia zote tulizofundishwa chuo. Nikaleta picha, nikaleta nyimbo, nikaigiza mimi mwenyewe naanguka kwenye ndoo. Wanacheka, wanashangilia, nikiuliza mtu jana alifanya nini, anafanya kazi. Siyo kwamba hawakuelewa. Ukiwapa zoezi la kujaza nafasi wanapata yote. Ila mtu akishaambiwa aseme yeye, kwa kinywa chake, kitu alichokifanya, mlango unafungwa.

Bilali ndiye aliyenionea huruma. Tulikuwa gengeni kwa shangazi tunakunywa chai, akaniambia, "Ticha, unajichosha bure."

"Kwa nini?"

"Pale ndani mtu akikuuliza jana ulifanya nini, hata kwa Kiswahili, ujue barua ya onyo iko njiani. Anakuuliza ulikuwa wapi mashine iliposimama. Unadhani anataka kujua ulikuwa wapi? Anataka jina la kuandika. Kwa hiyo sisi wote tulikuwa tunafanya kazi. Tangu tuzaliwe."

"Na ile mashine yenu ya vifuniko ilivyosimama Jumanne? Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ilikuwaje?"

Akainywa chai yote, akafuta mdomo, akaniangalia usoni. "Ticha," akasema, "machine bad."

Shangazi alicheka mpaka akamwagia mtu mchuzi. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nimevimba. Kumbe nafundisha watu wakati uliopita na wenyewe wakati wao uliopita wameuficha uvunguni! Nitautoaje na mistari yangu ya mawimbi?

Wiki hiyohiyo nikaitwa nyumbani, kulikuwa na hitma ya babu Shomari, kaka yake babu yangu. Kafa mzee sana, kaona vitukuu, kwa hiyo watu walishalia wakamaliza, ile siku ilikuwa ya pilau. Tumeshasoma, tumeshaitikia dua, masufuria yako tayari, watu wameshanawa. Mara babu Abdulkadiri akanyanyuka, akachukua ule mwiko mkubwa wa kupakulia, akaenda kukaa juu ya kinu mbele ya sufuria, mwiko kaukumbatia kama mtoto.

"Hali mtu chakula hapa!" akasema. "Marehemu alikula kuku wangu!"

Babu Abdulkadiri ni Mnyamwezi, baba yake alilowea pale Mzenga zamani. Na Wanyamwezi na sisi Wazaramo si watani? Basi hapo ndiyo kazi ilipoanza. Baba yangu, na kanzu yake nyeupe, akajibu kwa hasira za uongo, "Alimla lini?"

"Mwaka ule wa mvua kubwa!"

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala!"

"Ulikuwa umelala, ulijuaje?"

"Nilisikia harufu! Na nilipoamka kuku alikuwa keshaliwa, marehemu anajichokonoa meno!"

"Meno gani?" akadakia mama kutoka jikoni. "Mwaka ule alikuwa hana hata moja!"

Watu chini! Wengine wanasema siku hiyo marehemu hakuwepo, alikuwa Maneromango kwenye ngoma. Wengine wanasema ngoma ilikuwa imekwisha, alikuwa anarudi, walimwona njiani kabeba kitu kwenye kikapu. Ma'mdogo wangu mmoja, yule mpole ambaye kwenye mkutano wa kijiji hata jina lake akiulizwa anajificha nyuma ya mwenzake, kasimama anatoa ushahidi: yeye alikuwa anateka maji, akamwona kuku mwenyewe anamfuata marehemu kwa hiari yake, kachoka kukaa na Wanyamwezi!

Mimi nimeshika sahani yangu tupu, nacheka machozi, halafu ghafla nikanyamaza. Nuria, sikiliza walivyokuwa wanaongea. Nilikuwa nateka maji, nikamwona. Ngoma ilikuwa imekwisha, alikuwa anarudi. Nilipoamka alikuwa keshaliwa. Nukta yangu, mawimbi yangu, na kile kinachotangulia, vyote viko pale vinatembea kwa miguu yao, na watu wanashtakiana hadharani na hakuna hata mmoja anayeogopa! Kwa sababu gani? Kwa sababu ni utani. Kesi ya mtani inaisha kwa kula pamoja, mtu haendi nayo nyumbani. Na kweli, baba akaahidi jogoo, mwiko ukarudi, tukala.

Nilirudi Mkuza sijielewi kwa furaha.

Jumatano nikaingia kantini, nikafuta ubao wote. Nikawaambia, "Leo hakuna jana mlifanya nini. Leo ni mahakama. Kila mtu atafute mtani wake amshtaki. Kwa Kiingereza. Mshtakiwa ajitetee alikuwa wapi, alikuwa anafanya nini. Ipyana, wewe huna mtani humu, wewe hakimu."

Ipyana akafunga vifungo vya ovaroli mpaka shingoni, akaweka kamusi mbele yake. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Halafu Jenifa akamnyooshea Bilali kidole. "You! Mzaramo! Yesterday you stole my cow!"

"Me?" Bilali akaruka. "I did not stole!"

"Steal," akasema hakimu.

"I did not steal! I was sleeping!"

"You were sleeping? The cow was shouting in your house! Who was cooking?"

Hapo ndipo kantini ilipopasuka. Hata wapishi wakatoka. Mmoja anadai ng'ombe alikuwa mgonjwa, mwingine anasema alipofika ng'ombe alikuwa keshaondoka, had gone, mwenyewe bila kusukumwa na mtu! Wanakosea, wanasahihishana wao kwa wao kwa ugomvi, mimi nimekaa juu ya meza kazi yangu kucheka. Ni Biasha tu aliyekaa kimya. Kacheka mpaka kajifunika kanga usoni, lakini neno hakutoa.

Sasa leo. Leo Jumamosi, siku ya Gregori.

Na mimi mjinga, nikaogopa. Nilikaa nikafikiria: HR mzima, na tai, aje akute watu wanashtakiana ng'ombe, Mzaramo na Msukuma, si atasema naleta ukabila kiwandani? Nikaandaa somo la kistaarabu. Mstari, nukta, mawimbi, maka peni za rangi tatu. Nikawaambia watu wangu mapema, leo jamani utani hapana, leo tuwe wapole.

Gregori akaingia, akakaa nyuma kabisa karibu na tenki la maji ya kunywa, faili juu ya goti. Kile kiti kilivyolia tu alipokaa, Nuria, darasa langu lilikufa. Nililiona linakufa. Migongo yote ilinyooka.

"Bilali, what did you do yesterday?"

Bilali akaniangalia kwa macho ya kuniomba radhi. "Yesterday I worked."

"Jenifa, what were you doing when I came in?"

"I was working." Kakaa mbele yangu mikono mapajani!

Nikasikia kalamu ya Gregori inaandika. Krr, krr, krr. Nikamuuliza hakimu wangu, hakimu naye alikuwa anafanya kazi. Krr, krr. Jasho likaanza kunitoka hapa mgongoni. Nikaiona mihogo ya bondeni, majani yake yananipungia mkono.

Mara nikasikia kiti kinasogezwa. Biasha. Biasha, Nuria, ambaye mwezi mzima kanipa neno moja! Kasimama, kajifunga kanga kiunoni, na hanitazami mimi. Kageuka nyuma, anamtazama Gregori.

"You," akasema. "Sir. You are Mnyamwezi."

Nilitaka kupita chini ya meza. Gregori akainua kichwa.

"Last Friday," akasema Biasha, anatafuta maneno mojamoja kama anachagua mchele, "you ate my chicken."

Mungu wangu! Kamla kuku wake! HR! Niliweka mkono mdomoni. Bilali alifumba macho. Gregori akalifunga faili taratibu, akaliweka sakafuni, akasimama. Ndiyo hapo sasa kasimama! Akaweka tai sawa, akauliza kwa ile sauti yake ya barua ya onyo:

"Who saw me?"

Na Biasha hakukaa chini. "I saw you. I was going to the toilet. You were sitting behind the store. You were eating. When I came, you had finished the leg!"

Had finished! Alipofika, paja lilikuwa limeshaisha! Nuria, had finished, hakuna aliyemwambia aseme hivyo, imetoka yenyewe kwa uchungu wa kuku! Nilipiga kelele. Sikujua kama nimepiga kelele mpaka watu walivyogeuka.

Gregori akatazama huku, akatazama kule. Unajua mtu akiwa mtani wako huwezi kumkasirikia, ukikasirika umeshindwa. Nikaona kitu kinamtetemeka kwenye shavu.

"I was not eating," akasema. "Last Friday I was in a meeting."

"Eeeh!" kantini nzima. "Meeting of chicken!"

Ipyana akagonga meza kwa kamusi. "Silence in court! Sir, who was with you in that meeting?"

Mista Gregori akaigusa tena tai yake. "I was... I was alone."

Basi! Watu walipiga meza, vikombe vikaruka, wapishi wametoka na miiko wanataka kuona. Mtu alikuwa peke yake kwenye mkutano! Gregori akainua mikono miwili, akangoja kelele zitulie, halafu akasema, na hapo alishaanza kucheka waziwazi, "All right. I ate it. But that chicken was very thin! It had died of hunger before I cooked it, because the owner was dancing ngoma in Kisarawe!"

Kuku alikuwa keshakufa njaa kabla hajapikwa, mwenyewe yuko ngomani! Biasha alikaa chini kwa kicheko, akawa anapiga goti lake, anasema kwa Kiswahili, "Kanipata! Mnyamwezi huyu kanipata!" Ipyana akatoa hukumu, Gregori alipe kuku mnene Jumamosi ijayo, aliwe na mahakama yote. Gregori akasema anakata rufaa. Akaambiwa hakimu wa rufaa ni huyohuyo.

Nilidhani imeishia hapo. Watu wanapangusa macho, wanapumua. Halafu Bilali akanyoosha mkono. Hakuwa anacheka.

"Sir," akasema. "Tuesday last week. The machine."

Ile furaha yote ikatulia mara moja, kama umepunguza moto. Maana hii haikuwa kesi ya utani na kila mtu alijua. Bilali akasimama. Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, akikwama Ipyana anamwazima neno. Kwamba alikuwa anabadilisha kile chuma kinachotoa umbo la kifuniko. Wakati anabadilisha, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikaanza yenyewe kabla hajafunga chuma vizuri, kwa sababu swichi ya kuizuia ilikuwa imeharibika tangu wiki ya nyuma yake. Chuma kikapasuka. Yeye mkono aliwahi kuutoa.

"The switch had broken before," akarudia, kuhakikisha. Ilikuwa imeharibika kabla.

Gregori akamuuliza kwa Kiswahili, "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

Bilali akajibu kwa Kiingereza, na siyo kwa ujeuri, kwa kueleza tu. "You were not asking, sir. You were writing."

Hukuwa unauliza, ulikuwa unaandika. Nuria, nilisimama pale na maka peni yangu sina pa kuweka macho. Gregori akainama kuchukua faili sakafuni. Nikasema sasa ndiyo anaandika. Hakuandika. Akalibana kwapani likiwa limefungwa, akamwambia Bilali, "Asante. Kabla hujaondoka twende ukanionyeshe hiyo swichi." Halafu akanigeukia mimi, "Mwalimu, ukimaliza uje ofisini."

Wakaenda, wawili. Darasa likabaki linanitazama. Biasha akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kama nimekuharibia, nisamehe. Nilivyoona unatoka jasho, roho iliniuma." Nilimkumbatia mpaka kanga ikamfunguka.

Nikaenda ofisini. Gregori keshatoka mashineni, ana grisi kidole kimoja, anaifuta na karatasi. Mkataba uko mezani. Nililiona jina langu juu, Mwanamvua, limeandikwa vizuri kabisa. Kalamu kaishika mkononi. Nikaanza kupumua.

"Mwalimu, kwenu wapi?" akaniuliza.

"Mzenga, Kisarawe."

"Baba kabila gani?"

"Mzaramo."

"Na mama?"

"Mzaramo."

Akaiweka kalamu chini. Akaegemea kiti, akakunja mikono, akaniambia kwa Kiingereza, taratibu kama anasoma hukumu:

"Then you are my mtani also. Before you came, my people were quiet. I was sleeping well. You stole my silence. Defend yourself."

Kabla sijaja watu wake walikuwa kimya, alikuwa analala vizuri, nimemwibia ukimya wake, nijitetee! Na mkataba kaufunika kwa mkono kama babu Abdulkadiri na mwiko! Nuria, mimi na diploma yangu, Kiingereza chote kikanikimbia. Nikatazama dirishani. Kule nje Biasha na Jenifa wamebanana wanachungulia, wanafikiri hawaonekani. Nikavuta kiti, nikakaa bila kukaribishwa, nikajitetea.

Amesaini. Mwaka mzima, na Jumatatu anataka tupange darasa la shifti ya pili. Karatasi ninayo hapa mapajani, naishika kila baada ya sekunde nione kama bado ipo. Shangazi keshaisoma, kasema sasa sukari nitanunua mwenyewe.

Nilimjibu nini? Aa, hapana, hilo siyo la kusimulia mtu roho inaenda mbio hivi, na wewe nakusikia uko barabarani na mapikipiki. Tena shangazi ananiita, na baba sijampigia, si atasikia kwa Bilali kabla yangu! Kesho nikishaanika nguo nakupigia, utafute pa kukaa. Nitakusimulia utetezi wangu neno kwa neno, na alichonijibu Gregori kabla hajachukua kalamu. Maana alinijibu, Nuria. We kesho usizime simu.